Pima Kwanza, Meza Baadaye: Maswali ya Wasiwasi

SWALI: Moyo unanienda mbio hata nikiwa nimekaa, vidole vinatetemeka, nasikia joto muda wote. Nakula vizuri lakini nimepungua kilo 6. Naambiwa ni msongo wa mawazo. Mama wa miaka 34, Makambako.

Mama, aliyekuambia hivyo amekupima nini? Mtu anayetoka jasho Makambako mwezi wa saba, wakati wenzake wanaota moto, apimwe tezi ya shingo kabla ya kuambiwa ana mawazo. Homoni ya tezi hiyo ikizidi, seli za moyo huongeza vipokezi vya adrenalini, yaani protini zinazopokea amri yake. Adrenalini ileile ya mwaka jana leo inakupiga kwa nguvu zaidi, na ubongo ukisikia moyo unadunda hivyo, unaanza kutafuta cha kuogopa.

Omba kipimo cha TSH, homoni inayoiamuru tezi hiyo ifanye kazi. Kikiwa chini, kifuatwe na T4 na T3, homoni za tezi yenyewe. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, waambie maabara na uviache siku 2 kabla, maana vinaweza kupotosha kipimo kionyeshe tezi imezidi wakati ni nzima. Ukipewa propranololi ya kutuliza mapigo, sema mapema kama una pumu, kwani hubana njia za hewa.

Hili hukuuliza, ila Nyanda za Juu Kusini rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo ya shingo, si jambo geni. Chumvi yenye madini joto endeleeni nayo. Lakini mwenye rovu la siku nyingi lenye vinundu asijinunulie matone ya iodini: likipata iodini nyingi ghafla, linaweza kufyatua homoni kupita kiasi.

SWALI: Dawa ya wasiwasi ni ipi? Naomba jibu haraka.

Kila wiki swali hili linakuja hivihivi, halina umri, halina muda wala dawa unazotumia. Silijibu. Andika upya: ulianza lini, unakunywa nini, unameza nini, unalala saa ngapi.

SWALI: Nikapime kortisoli?

Hapana, isipokuwa daktari ameshuku ugonjwa wa tezi za juu ya figo. Kortisoli, homoni ya msongo, hupanda asubuhi na kushuka usiku, na namba moja ya mchana haikuambii kama una wasiwasi au huna.

SWALI: Wiki moja kabla ya hedhi napatwa na hofu na hasira, damu ikianza kutoka yanaisha. Kuna mtu ananiuzia dawa ya kusawazisha homoni kwa sh 60,000. Tukuyu.

Hela hiyo nunulia chakula. Wanawake wengi wenye shida yako homoni zao zikipimwa ni za kawaida. Kinachotofautiana ni jinsi ubongo unavyopokea mabadiliko yake. Projesteroni, homoni ya nusu ya pili ya mzunguko, huzaa alopregnanoloni, ambayo hushika kipokezi cha GABA, breki kuu ya ubongo. Siku za mwisho za mzunguko alopregnanoloni hupungua, na kwa baadhi yenu breki inayumba. Andika kwenye kalenda, kila siku, kwa mizunguko 2: hofu, usingizi, siku ya damu. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko kipimo chochote cha homoni. Dawa zinazozuia protini inayofyonza serotonini, kemikali ya ubongo, kama fluoksetini, hapa huweza kusaidia ndani ya siku chache, ingawa kwa wasiwasi wa kawaida huchukua wiki 2 hadi 6.

SWALI: Naendesha bodaboda Mbozi, nakunywa kopo 4 za kinywaji cha nguvu kwa siku. Usiku nahisi nakufa.

Kopo la mililita 250 kwa kawaida lina kafeini kama mg 80, kwa hiyo unakunywa mg 320. Nusu hubaki mwilini baada ya saa 5 hivi. Punguza kopo 1 kila siku 3, ukianza na la jioni. Ukiacha zote kwa mkupuo, kichwa kitakugonga.

SWALI: Nameza diazepamu mg 5 kila usiku tangu mwaka jana, nainunua dukani bila cheti. Nikikosa siku tatu nne natetemeka na silali. Niache? Mafinga.

Usiache ghafla dawa hiyo ya kutuliza. Kipokezi cha GABA ni protini yenye vipande vitano vilivyozunguka tundu la kloraidi, chembe za chumvi ambazo zikiingia hutuliza seli za ubongo. Diazepamu hulifanya lifunguke mara nyingi zaidi, ubongo unazoea, kisha unapunguza breki zake wenyewe. Ukiiondoa dawa, unabaki bila ya dukani na bila yako. Na kwa kuwa hutoka mwilini polepole, taabu huja siku kadhaa baadaye, wakati umeshajipongeza.

Aliyekuuzia bila cheti amekukosea, na nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Nenda hospitali ya wilaya na boksi lako mkononi. Punguzo la kawaida ni asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila wiki 2 hadi 4, na lisizidi robo ya dozi ndani ya wiki 2. Vidonge vya mg 2 vinarahisisha hesabu. Wakati huo ulanzi usiguse: pombe inashika breki hiyohiyo, na zikikutana, pumzi inaweza kukatika usingizini. Tramadoli, dawa ya maumivu, hali kadhalika. Ukipata degedege, au ukianza kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, upelekwe hospitali usiku huohuo.