Dawa hainywewi kwa "chukua"

SWALI: Natafsiri matangazo ya kituo cha afya kutoka Kiingereza. Kila nikikuta "take" naweka "chukua", na wenzangu wanasema Kiswahili changu kinanuka tafsiri. Nakosea wapi? Na je, "chukua presha", "chukua joto" na "chukua damu" nazo nizifute?

JIBU: Umelibebesha neno moja kazi za maneno mengi. Mwingereza hutumia "take" kwa dawa, basi, mtihani, kiapo na picha. Sisi dawa tunakunywa, basi tunapanda, mtihani tunafanya, kiapo tunakula, picha tunapiga.

Tuanze na dawa, maana hapo tafsiri mbaya inaweza kumdhuru mtu. Ukiandika "Mgonjwa achukue dawa asubuhi na jioni", msomaji ana haki ya kuelewa kwamba aje dirishani mara mbili kwa siku. Kuchukua dawa ni kwenda kuipokea. Ikishafika nyumbani inanywewa, hata kama ni kidonge. Mgeni anayejifunza lugha hushangaa kidonge kinywewe vipi, lakini wenyewe hatushangai: bahasha imeandikwa "vidonge 2 kutwa mara 3", na anayekukabidhi anaongeza, "Unywe baada ya kula." Wanaosema kumeza nao wako sawa, ilimradi si dawa ya maji.

Sasa usije ukaanza kufuta kila "chukua". Neno hili lina maana zake za asili, na kubwa ni kubeba. Ndiyo maana mpagazi huitwa pia mchukuzi, na kuna Wizara ya Uchukuzi. Tunasema basi linachukua watu 60, mwanamke kachukua mimba. Zamani mtoto aliyewatunza wazazi wake uzeeni aliambiwa anawachukua wazee wake, matumizi mazuri ambayo siku hizi siyasikii sana.

Penye ubishi ni "itachukua siku tatu". Wapo wanaoikataa kwamba ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Mimi naiacha, imeshazoeleka, ingawa "ni kazi ya siku tatu" ni nyepesi zaidi mdomoni. "Chukua tahadhari" nayo imeota mizizi, hata watabiri wa hali ya hewa wanaitumia; kwenye bango lakini ningeandika "jihadhari", maana ni neno moja na linasomeka kwa mbali. Ama ile "napenda kuchukua fursa hii" ya kwenye hotuba, ifute pamoja na sentensi yake. Hata kwa Kiingereza haikuwa na kazi.

Nimeona pia umeniuliza kuhusu "chukua presha", "chukua joto" na "chukua damu". Ya mwisho iache: damu inatolewa kweli na kupelekwa maabara. Presha na joto andika "pima", kwa sababu hakuna nesi anayeondoka navyo.