Jozani: vidaka vya nazi, kuni na mikoko

Msitu wa Jozani ulianza kulindwa lini?

Ulitengwa kuwa hifadhi ya msitu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kabla ya hapo ulithaminiwa kwa mbao tu, za mtondoo na miti mingine mikubwa. Mradi wa kuuhifadhi pamoja na wanavijiji ulianza 1995, na mwaka uliofuata ikapitishwa Sheria ya misitu Namba 10 ya 1996, inayoruhusu kijiji kuingia mkataba na serikali na kusimamia msitu wake chenyewe. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zikawa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza Zanzibar, yenye kilomita za mraba 50 hivi. Mpaka ulipanuliwa kwa sababu ya maana: kima punju, kima mwekundu wa Unguja, haishi ndani ya msitu mkubwa tu. Anakula mashambani, anaingia hata kwenye mikoko. Ukilinda miti mirefu peke yake umelinda nusu ya nyumba yake.

Kima wanatumalizia nazi. Kwa nini tusiwafukuze?

Malalamiko haya ni ya kweli na mkulima ana haki ya kusikilizwa. Lakini tazama wanachokula: vidaka na vitale, yaani nazi changa, si madafu wala koroma zilizokaribia kukomaa. Mnazi wenyewe hupukutisha vidaka vingi kabla havijakua, kwa kuwa hauwezi kuvilisha vyote. Utafiti uliochapishwa 1999 ulilinganisha vilivyoliwa na nazi zilizovunwa baadaye, na haukuona mavuno yakipungua. Minazi iliyoliwa zaidi ndiyo iliyotoa zaidi. Huenda kima anafanya kazi ya kupunguza matunda, kama mkulima anavyong'oa miche iliyosongamana. Kwa mazao mengine hesabu ni tofauti, na ndiyo maana sehemu ya viingilio vya watalii inapaswa kuwafikia wenye mashamba. Tunasimama na wakulima katika hilo bila kusita.

Nipande nini kwa kuni, kwenye ardhi ya maweni?

Mvinje. Toboa shimo kwa mtaimbo pale penye udongo baina ya mawe, ujaze mboji, na upande mwanzo wa masika, mche ukiwa na urefu wa futi moja au zaidi. Acha mita 2 kati ya mche na mche. Wengi hushindwa kitaluni: miche inadumaa na kuwa ya manjano. Chota udongo chini ya mvinje mkubwa, kwenye mizizi yenye vinundu, uchanganye sehemu moja kwa kumi ya udongo wa kitalu. Vijidudu vya vinundu hivyo ndivyo vinavyoupa mti naitrojeni. Mvinje ukikatwa chini hauchipui vizuri, basi gawa shamba mafungu manne, ukate moja kila mwaka na kulipanda tena.

Vichaka vya asili ni kinyume chake: vinachipua. Kata kwa panga kali, kwa mshazari, kisiki kibaki kama shubiri moja, wala usichome moto juu yake. Ukirudi kukata kabla vijiti havijafikia unene wa kifundo cha mkono, kisiki kinachoka na kufa.

Mikoko tuliyopanda imekufa yote. Tumekosea wapi?

Pengine mahali. Ukipanda nje kabisa, penye maji mchana kutwa, mche unazama na kuzongwa na mawimbi. Panda pale maji yanapotoka kila siku, karibu na mikoko iliyopo. Okota mbegu ndefu zenye pete ya manjano shingoni. Zisizo nayo ni changa. Ziweke kivulini siku kadhaa ili kaa wasizitamani, kisha zichomeke theluthi moja matopeni, wima, ncha iliyochongoka chini. Na mahali penye mkandaa, aina nyingine ya mikoko, usipande huu wa mbegu zenye pete: kila mti una kina chake cha maji.