Jibu: Red inajiandika yenyewe, niende Black au Speed Silver?

Mkuu, salama? Umesema unaandika kutwa na swichi za kibodi yako (vile vidude vilivyo chini ya vitufe), Cherry MX Red, zimekuchosha, ukigusa kidogo tu herufi imeshatoka.

Silver achana nayo. Inashika (yaani herufi inatoka) ukiibonyeza milimita 1.2 wakati Red ni 2.0, kwa hiyo tatizo lako litazidi. Black inashika palepale kwenye 2.0, ila springi yake inataka takribani gramu 60 badala ya 45, na vidole vikipumzika juu ya vitufe haviandiki ovyo. Ndiyo ninayotumia kazini. Mwanzoni kidole kidogo kitalalamika jioni, baadaye kinazoea. Ukiiona nzito, Gateron Yellow, swichi ya kampuni nyingine, iko katikati.

Ila kabla ya kununua, jaribu kung'oa swichi moja taratibu. Ikigoma usilazimishe, huenda imechomewa lehemu, hiyo kazi ya fundi. Ikitoka, tazama bodi: pasipo matundu mawili madogo kandokando ya lile kubwa la katikati, chukua za pini tatu. Za pini tano nazo zinaingia ukikata viguu vyake viwili vya plastiki kwa kikata kucha (viguu vya plastiki tu, za chuma usiguse!).

Kibodi yenyewe ni modeli gani?