RAM ya Samsung na ya Kingston zitakaa mashine moja?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina steshenari jirani na chuo hapa Morogoro. Kompyuta ninayoitegemea ni Dell OptiPlex 7010 ya mtumba yenye RAM mbili za GB 2, zote Samsung. Nikifungua kazi ya mwanafunzi kwenye Word huku naskani na WhatsApp iko wazi, inaganda mpaka wateja wanahamia kwa jirani. Nimewekewa dukani RAM moja ya Kingston ya GB 8. Fundi mmoja kasema kampuni tofauti hazichanganywi, nitaunguza ubao mama. Mwingine kasema chomeka tu. Nimsikilize yupi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo wa pili yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa hilo "tu" lake linanitia wasiwasi. Majina ya kampuni hayagombani. Kingston wenyewe hawatengenezi chipu; wananunua kwa watu kama Samsung, Micron na SK Hynix, kisha wanabandika stika yao. Huenda hiyo Kingston yako ina Samsung tumboni.

Cha kusoma ni maandishi madogo. Zima mashine, chomoa waya ukutani, toa RAM moja uisogeze kwenye mwanga. Utakuta kitu kama 2GB 1Rx8 PC3-10600U. PC3 maana yake DDR3, yaani kizazi cha tatu cha RAM, ndiyo mashine yako inayoila. PC4 haiingii hata ukiibembeleza, pengo la kwenye meno yake limekaa pengine, usiikandamize. Namba 10600 ni kasi ya 1333, na 12800 ni ya 1600. Ukizichanganya, zote zinafuata ile ya polepole. Kwa Word na skana hutajua kama kuna kilichopungua. Ukiona PC3L, chukua: imeundwa kwa volti 1.35 lakini inavumilia 1.5 ya mashine yako.

Herufi ya mwisho ndiyo inayokula hela za watu. Wewe unataka U. Yenye R imetoka kwenye seva, ndiyo maana utauziwa GB nyingi kwa bei ya kukushangaza, na kwenye 7010 mashine haitawaka. Zilizoandikwa ni za AMD ziache hapohapo, yako ni Intel. Kingston nao wana mtindo wao wa kuandika, kwa mfano KVR16N11/8: 16 ni kasi ya 1600, N ni ya kompyuta ya kawaida, 8 ya mwisho ni GB.

Sasa, kama hujalipa, mwambie muuzaji akubadilishie hiyo moja ya GB 8 akupe mbili za GB 4 zinazofanana. Prosesa yako ina njia mbili za kwenda kwenye RAM, na inafanya kazi vizuri pande zote mbili zikiwa na uzito sawa. Ubao wako una nafasi nne: mbili zina vishikizi vyeupe, mbili vyeusi. Za GB 4 zikae kwenye vyeupe, za zamani zihamie vyeusi. Jumla GB 12. Kama umeshalipa, usigombane na mtu. GB 8 na hizo mbili bado zinaelewana, sema sehemu ya RAM itapita njia moja peke yake.

Kabla ya yote hayo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause uone kama ni biti 32 au 64. Mashine za mtumba zinakuja na Windows 7 ya biti 32 mara nyingi tu, na hiyo haitumii zaidi ya GB 4 hata ukijaza nafasi zote. Hapo utaweka kwanza Windows ya biti 64.

Ukishafunga, andika mdsched, programu ya Windows ya kupima RAM, kwenye sehemu ya kutafutia, uiache ijipime jioni ukifunga duka. Ikikataa kuwaka na kulia milio, huenda haioni RAM: zitoe, zikandamize tena mpaka vishikizi vibane vyenyewe. Ikiendelea kuleta makosa, toa zile za GB 2 ubaki na 8. Steshenari itakwenda bila shida. Na fundi akizitoa, ondoka nazo mkononi. Mafundi wana tabia ya kuzisahau kwenye droo zao.