Alama za prosesa kubadilikabadilika

Ndugu, umeuliza kwa nini laptopu yako inatoa alama tofauti kila ukipima kasi ya prosesa mtandaoni. Kipimo cha namna hiyo huendeshwa ndani ya kivinjari, kwa hiyo unapima prosesa na kivinjari kwa pamoja. Chrome na Firefox kwenye mashine ileile zinaweza kukupa namba mbili tofauti kabisa. Chomeka chaja, funga tabo nyingine, kisha pima mara tatu mfululizo. Alama zikizidi kushuka, shuku joto: prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi, na mara nyingi ni feni iliyojaa vumbi. Yangu niliisafisha kwa brashi laini tu, ikapona. Ukitaka kujilinganisha na wengine, sakinisha Geekbench 6, programu ya kupima kasi ambayo alama zake hulinganishwa na prosesa ya Intel Core i7-12700, iliyowekewa alama 2500.