Je, ni lazima mtu aongozwe sala ya toba ndipo apewe msaada wa kanisa?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mshirika wa kanisa la Baptist huku Mbagala. Kanisani kwetu tuna vikundi vya kujitolea. Kipo kinachotembelea wagonjwa hospitalini kila Jumamosi, vijana wanafundisha watoto wa mtaani masomo ya jioni, na sisi akina mama tunapeleka unga, maharage na sabuni kwa wajane na kwa wanaoingiliwa na maji kule bondeni mvua za masika zikinyesha. Mimi nipo cha wagonjwa na hiki cha akina mama. Majirani zetu wengi ni Waislamu, kwa hiyo wengi tunaowasaidia ni wao. Sasa shemasi wetu mmoja ametoa hoja kwamba mtu asipewe kitu mpaka kwanza ahubiriwe, aongozwe sala ya toba, jina liandikwe kwenye daftari na apigwe picha, maana tangu tuanze hatujabatiza hata mmoja kutoka huko. Anasema kutoa bila kuokoa roho ni kazi ya serikali, siyo ya kanisa. Hoja itapelekwa kwenye kikao cha washirika. Moyo wangu unakataa lakini sina la kumjibu. Tena mume wangu analalamika kwamba Jumamosi zangu zote zinaishia huko. Je, nakosea?

JIBU: Ameni, dada yangu. Nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kikao na si baada yake.

Nianze na shemasi wenu, kwa sababu hofu yake si ya kupuuzwa. Anaogopa kanisa lisije likageuka shirika la misaada lenye msalaba juu ya paa. Jambo hilo linawezekana kabisa. Kikundi kinaanza kwa maombi, halafu taratibu kinabaki na ratiba, risiti na fulana za sare, na jina la Yesu halitajwi tena hata wao kwa wao. Hapo shemasi ana haki ya kupiga kengele. Lakini dawa aliyoipendekeza ni mbaya kuliko ugonjwa anaouogopa.

Tazama Bwana mwenyewe alivyofanya. Katika Luka 17 wakoma kumi walipaza sauti wakiwa mbali, akawaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, nao walipokuwa wakienda wakatakasika. Hakumuuliza yeyote kati yao habari za imani yake kwanza. Akarudi mmoja tu, naye alikuwa Msamaria, mtu wa dini ambayo Wayahudi waliikataa. Yesu akauliza, "Hawakutakaswa wote kumi? Wale kenda wa wapi?" Swali hilo lina uchungu, na uchungu wa shemasi wenu unafanana nalo. Lakini wale tisa hawakurudishiwa ukoma wao. Uponyaji ulibaki ni wao, washukuru wasishukuru.

Soma na Yohana 6. Makutano walikula mikate wakashiba, na kesho yake wakamfuata ng'ambo ya bahari. Akawaambia waziwazi kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula mikate. Kisha akahubiri maneno magumu, na wengi miongoni mwa wanafunzi wake wakarejea nyuma. Angetaka kuwafunga kwa mkate, nafasi ilikuwa ile jana yake, njaa ikiwa bado tumboni. Hakuitumia. Mkate aliutoa bure, na neno alilisema bila kulipunguza makali.

Sasa nikuambie jambo ambalo Mbaptisti hasa hapaswi kulisahau. Sisi hatubatizi watoto wachanga. Tunasema mtu aamini mwenyewe, kwa hiari yake, akiri kwa kinywa chake, ndipo ashuke majini. Ushirika wetu wote umesimama juu ya hilo. Sasa mchukue mama mwenye watoto wanne ambao hawajala tangu jana, umsimamishe mbele ya mfuko wa unga, umwambie, "Fuatisha maneno haya baada yangu." Atafuatisha. Atafuatisha lolote utakalomwambia. Ukiliandika jina lake kwenye daftari la waliookoka, umeandika nini? Umeandika njaa yake. Na Jumapili ukimpeleka kwenye maji, umembatiza mtu ambaye hakuulizwa kwa haki hata mara moja kama anaamini.

Wazee wetu waliteseka kwa ajili ya uhuru huu. Mwaka 1612 Thomas Helwys, aliyeongoza kanisa la kwanza la Baptist katika ardhi ya Uingereza, pale Spitalfields, London, aliandika kwamba mfalme hana mamlaka juu ya roho za raia wake. Wawe wazushi, Wayahudi au Waturuki, jina ambalo Waingereza wa enzi hizo waliwaita Waislamu, si kazi ya mamlaka ya dunia kuwaadhibu kwa imani yao. Maneno hayo aliyaelekeza kwa Mfalme James wa Kwanza. Alifungwa katika gereza la Newgate, na hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Yeye alikataa imani ya kulazimishwa kwa upanga wa mfalme. Njaa nayo ina upanga wake, na anayeshika mfuko wa unga mbele ya mwenye njaa ndiye aliyeushika upanga huo. Hapa Dar es Salaam sote tunamfahamu mgombea anayegawa kanga na sukari wiki ya kampeni, na tunajua kura anayoipata ina thamani gani. Kanisa lisivae vazi hilo.

Kuhusu neno kwamba kutoa ni kazi ya serikali, Yakobo hakulijua. Anauliza: ndugu akiwa uchi na amepungukiwa na riziki, na mtu wa kwenu akamwambia aende zake kwa amani, akaote moto na kushiba, asimpe mahitaji ya mwili, "yafaa nini?" Shemasi anaweza kujibu kwamba Yakobo anasema habari za ndugu, na kwamba hata wajane wa Matendo 6 walikuwa wa ndani ya kanisa. Ni kweli. Lakini Paulo anamalizia mjadala katika Wagalatia 6:10: "Kwa hiyo kadiri tupatavyo nafasi na tuwatendee watu wote mema, na hasa jamaa ya waaminio." Neno "hasa" linatuambia tuanzie wapi. Halituruhusu kuishia hapo. Mvua za Desemba 2011 zilipofurika bonde la Msimbazi na watu wakalala madarasani, maji hayakuwa yamechagua nyumba ya Mkristo wala ya Mwislamu. Na Wabaptisti wa nchi hii tulianza hivyo hivyo: wamishenari wa Baptist kutoka Marekani walianza kazi hapa mwaka 1956, na miongoni mwa kazi zao za mwanzo ilikuwa hospitali ya kifua kikuu kule Mbeya. Kifua kikuu hakiulizi dini, na tiba yake miaka ile ilichukua miezi mingi.

Je, basi tunyamaze kabisa? Hapana. Petro anatutaka tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, "lakini kwa upole na kwa hofu". Maana yake lazima waweze kutuuliza. Mama anayetua ndoo ya mwenzake na kukaa naye kibarazani nusu saa ataulizwa, "Hivi ninyi mnafanya haya kwa nini?" Hapo sema habari za Yesu bila kigugumizi. Anayetupa mfuko mlangoni, akapiga picha na kukimbilia bajaji hataulizwa kitu. Nikiulizwa mimi kwa nini hamjabatiza mtu, kabla ya kutunga masharti ningechunguza kwanza kama mnakaa na watu au mnawapita tu.

Na mkikaa nao, mkae kwa adabu. Mwezi wa Ramadhani msipeleke kitu cha kula saa sita mchana kwa mtu aliyefunga. Nendeni alasiri, mfuko uwe na tende na sukari ya futari, mseme "poleni na mfungo" na mmaanishe. Nendeni na mjumbe wa shina au mtu wa serikali ya mtaa, kwa sababu yeye anajua nani ana shida ya kweli na nani ana kelele tu. Kwa wagonjwa, kabla hamjafungua chupa ya uji mumuulize muuguzi wa zamu. Yupo mgonjwa anayesubiri upasuaji na hatakiwi kula kitu, yupo wa kisukari ambaye uji wenu wa sukari nyingi utamdhuru. Kisha ulizeni, "Naweza kukuombea?" Akikubali, ombeni kwa sauti ya chini, maana kitanda cha pili kuna mtu hajalala usiku kucha. Akikataa, mwambieni "ugua pole", mmpe uji wake, na Jumamosi ijayo mrudi kwake kama kawaida. Kurudi huko kwa mtu aliyekataa kuombewa ni jambo ambalo wodi nzima italiona.

Picha, hapana. Mgonjwa aliyefunguka kanga na mjane aliyeshika mfuko wa msaada hawana nguvu ya kukataa kamera ya anayewapa. Bwana amesema katika Mathayo 6 kwamba utoapo sadaka, mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume.

Daftari ni jema, lakini liwe la kazi nyingine. Liandike kaya, idadi ya watoto, walichopewa na lini, ili asiwepo anayepata mara mbili huku jirani yake amesahauliwa. Likae kwa watu wawili waaminifu, lisisomwe hadharani. Fedha nazo zihesabiwe na zaidi ya mmoja, kama Paulo alivyojilinda na lawama katika 2 Wakorintho 8, akiangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Katika hili shemasi wenu atafaa sana, maana ndiyo kazi waliyochaguliwa wale saba wa Matendo 6. Na sikiliza kilichofuata baada ya wajane kuhudumiwa kwa haki: "Neno la Mungu likaenea, na hesabu ya wanafunzi ikazidi sana." Msomeeni mstari huo wa 7, kwa upendo.

Kuhusu mume wako, ana hoja. Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Upo katika vikundi viwili, acha kimoja. Kaa na mumeo umuulize ni Jumamosi zipi mbili za mwezi anaridhia uende, na hizo nyingine uwe wa kwake na watoto bila kununa. Mjane wa jirani ana kanisa zima la kumtembelea.

Sasa kikao. Kwetu sisi Wabaptisti jambo la namna hii haliamuliwi na shemasi peke yake, wala na mchungaji peke yake. Linaamuliwa na washirika. Usiende kupinga tu, nenda na hoja yako: kwamba msaada utolewe bila sharti la dini, kwamba kila kikundi kianze kwa maombi na Neno kabla hakijatoka, na kwamba anayetaka kusikia Injili apewe mtu wa kumfundisha siku nyingine, nyumbani kwake, mikono mitupu. Zungumza na shemasi kabla, wawili tu, asije akakusikia mara ya kwanza mbele ya watu.

Kura zikienda upande wake, usihame kanisa wala usianze minong'ono. Mwambie mchungaji wako kwa heshima kwamba dhamiri yako haikuruhusu kumwongoza mtu sala ya toba kwa unga, na uombe upangiwe kazi nyingine, hata kufundisha watoto jioni. Na yule mjane wa jirani, mpelekee kibaba kutoka jikoni kwako mwenyewe. Kwa hicho huhitaji kura ya mtu.