Kuku, Jogoo na Mgambo: Maswali Yenu ya Kufuga Mjini

Toleo lililopita tuliongelea chanjo za vifaranga, nikajua mtaniletea maswali ya gumboro na mafua. Kumbe kinachowasumbua wengi wala sio ugonjwa, ni jirani na mgambo. Simu imejaa meseji, nimechagua chache, zile zinazofanana nimeziunganisha, na majina nimeyatoa kama mlivyoomba.

Shikamoo mzee. Niko Tabata, nina kuku chotara arobaini nyuma ya nyumba, nyumba ni yetu wenyewe sio ya kupanga. Wamekuja vijana wawili wamevaa sare za mgambo wakasema mjini kufuga ni marufuku, nitoe elfu hamsini wasinipeleke ofisini. Nimewapa ishirini wakaondoka ila wamesema watarudi. Hivi kweli sheria inakataza? (Mama wa chotara)

Marahaba mama. Hakuna sheria ya Bunge inayosema kuku marufuku mjini, hilo liondoe kichwani kabisa. Ila usishangilie mapema, maana mambo ya mifugo mjini yanaamuliwa zaidi na sheria ndogo za halmashauri, na mamlaka ya kuzitunga wamepewa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982. Kwa hiyo anachoruhusiwa mwenzako wa Morogoro sio lazima uruhusiwe wewe, na hata hapa hapa Dar tuna halmashauri tano, wewe Tabata uko upande wa Ilala ambayo tangu 2021 ndo Halmashauri ya Jiji yenyewe, wa Sinza yuko Ubungo, wa Mbagala yuko Temeke, alafu kuna Kinondoni na Kigamboni, na kila mmoja ana karatasi zake.

Sasa hiyo sheria ndogo ili iwe sheria kweli lazima ipitishwe na madiwani, iidhinishwe na waziri mwenye dhamana, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali ipewe namba, ile wanayoiita GN. Wakirudi hao vijana usigombane nao, wakaribishe hata maji, alafu waulize kwa upole: kitambulisho kiko wapi, nimevunja sheria ndogo ipi, GN namba ngapi, kifungu kipi. Aliyetumwa na ofisi atakujibu au atakwambia njoo ofisini uone. Aliyetoka nyumbani kutafuta hela ya sigara ataanza kukuambia unajifanya mjuaji.

Na hela mkononi usitoe tena mama yangu. Faini ya serikali siku hizi inalipwa kwa kontrol namba, unalipia kwenye simu au benki, risiti unabaki nayo. Tena ujue kitu kimoja, sheria ndogo nyingi zina kifungu cha kufifilisha kosa, maana yake unakiri kwa maandishi kwenye fomu, mkurugenzi anakupiga faini na mambo yanaisha bila kwenda mahakamani. Ni njia halali kabisa ila ina fomu na ina risiti. Ile elfu ishirini uliyotoa haikufifilisha chochote, imewafundisha njia tu.

Nenda kwa afisa mtendaji wa mtaa, umwambie nina kuku kadhaa nataka kujua taratibu, akuunganishe na afisa mifugo wa kata. Najua wengi mnaogopa mnaona ni kujipeleka, lakini afisa mifugo ndo mtu wa kukutetea siku jirani akipeleka malalamiko, maana atakuwa ameshaliona banda lako. Aje akute nini? Akute kuku wamefungiwa hawazururi barabarani, akute nafasi inatosha (chotara wakubwa watano sita kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo arobaini wako wanataka banda la kama mita mbili kwa nne), na akute daftari la chanjo. Kideri hakina dawa, kina chanjo tu, ile I-2 tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, andika tarehe na kichupa kimetoka duka gani. Daftari la shilingi elfu moja linakupa heshima ambayo maneno hayakupi.

Mzee shikamoo. Mimi mpangaji Sinza, nyumba ina wapangaji sita. Nina tetea wanne na jogoo mmoja. Jogoo anaanza saa tisa usiku, mama mmoja ana mtoto mchanga ameshaniambia mara tatu, sasa kapeleka kwa mwenye nyumba. Nikimfunika na boksi atanyamaza? (Mpangaji)

Hanyamazi. Jogoo ana saa mwilini, wanasayansi wa Japani waliwafungia majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika mchana na usiku na bado wakawa wanawika kwa mpangilio wao, na kwenye kundi mbabe ndo anaanza wengine wanafuata kwa vyeo. Boksi litapunguza sauti kidogo, na ukimkinga na taa ya ulinzi na taa za magari atapunguza kuwika ovyo katikati ya usiku, ila ile ya alfajiri utaisikia tu.

Swali langu kwako kaka, huyo jogoo wa nini? Kama unataka mayai ya kula, tetea anataga bila jogoo, yai linakuwa halina mbegu basi, ladha ile ile. Watu wanabishana na mimi kila siku kwenye hili lakini ndivyo ilivyo, kuku wote wa mayai ya trei unayonunua dukani hawajawahi kuona jogoo. Jogoo unamhitaji kama unatotolesha, na kutotolesha kwenye nyumba ya wapangaji sita mimi nakuona unatafuta kesi.

Halafu wewe ni mpangaji. Hata halmashauri ikikuruhusu, mkataba wako na mwenye nyumba uko pale pale, kama umeandikwa hakuna mifugo basi hakuna mifugo. Huyo jogoo muuze au mchinje umle Jumapili, na kile kipapatio mpelekee mama mwenye mtoto mchanga. Kama mkataba haukatazi, tetea wanne wasafi hakuna atakayewapeleka popote.

Mimi ndo jirani mwenyewe mnayemsema. Mbagala. Mwenzangu ana kuku wa nyama kama mia tatu ukutani kwangu, harufu haielezeki, nzi mpaka kwenye chai. Nikimwambia anasema nina wivu na biashara yake. Nianzie wapi kisheria? (Nimechoka)

Pole sana, na huna wivu. Huko kwenu nimepita, viwanja vimebanana, ukuta wa banda ndo ukuta wa chumba cha mtu.

Anzia kwa mjumbe, sio polisi. Mjumbe akishindwa panda kwa mwenyekiti wa mtaa, peleka barua, sio maneno, andika tarehe na kinachotokea, na nakala abaki nayo mtendaji. Barua ikikaa bila majibu nenda kata kwa bwana afya. Huyu ndo mwenye meno, kwa sababu Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa nguvu juu ya kero yoyote inayohatarisha afya za watu, haijalishi inatoka kwa kuku, choo au gereji. Atakagua, atampa mwenzako ilani ya maandishi na muda wa kurekebisha, akikaidi ndo anapelekwa mbele. Kwenye barua yako usiandike kwamba anafuga, andika harufu, nzi, maji machafu, kinyesi kimerundikwa wapi, umbali gani na jiko lako. Wengi wanakosea hapa, wanashtaki kuku wakati kuku sio kosa, kosa ni uchafu, wakifika ofisini wanaambiwa mfugaji ana haki zake wanarudi wamenuna.

Na kwa mfugaji mwenyewe, najua unasoma hapa maana gazeti hili mnaazimana: harufu sio sehemu ya biashara, harufu ni maranda yaliyolowa. Kinyesi kikiwa kikavu kinakaa kimya, kikipata maji vijidudu vinakigeuza amonia, ile inayochoma macho ukifungua mlango asubuhi. Ingia bandani chota maranda, kaza ngumi alafu fungua. Yakimeguka na kumwagika uko vizuri, yakibaki donge kama la ugali umechelewa. Mara nyingi mwenye kosa ni vyombo vya maji, vimewekwa chini kuku wanamwaga wakicheza, vinyanyue vifike usawa wa mgongo wa kuku na uone wiki moja tu tofauti yake. Geuza maranda, yaliyolowa toa weka makavu. Nzi naye kwa joto letu yai mpaka nzi anayeruka ni siku saba mpaka kumi hivi, kwa hiyo kinyesi kisikae nje wazi zaidi ya wiki, kifunge kwenye viroba uza kwa wanaolima mchicha bondeni, wanakitafuta sana ila waambie wakiozeshe kwanza kibichi kinaunguza mboga. Hela ipo kwenye kile kile unachogombania na jirani!

Naishi Dodoma jijini, nimestaafu, nataka ng'ombe wawili wa maziwa uani. Wengine wananiambia mwisho mmoja, wengine wanne. (Mstaafu)

Hiyo nne haijatoka hewani. Kanuni za kilimo cha mjini za 1992, enzi hizo chini ya sheria ya zamani ya mipango miji, ziliweka mwisho ng'ombe wanne, wa kufungiwa ndani tu bila kuchunga, na shamba la mjini lisizidi ekari tatu. Sheria ya Mipango Miji yenyewe ikaja kubadilishwa 2007, na jiji lako lina sheria ndogo zake, kwa hiyo wewe kachukue ya leo pale halmashauri, nne usiitumie kama ngao. Wakati unaulizia uliza pia matumizi ya kiwanja chako, hati inasemaje.

Ila mzee mwenzangu, sheria ndo sehemu rahisi. Ng'ombe mmoja wa maziwa anataka majani mabichi kilo arobaini hamsini kwa siku na maji ndoo kadhaa, wawili mara mbili yake, na Dodoma ya mwezi wa tisa unaijua. Ukishindwa kulisha utamwachia atoke akatafute, na ng'ombe akizurura barabarani jiji linakamata, hapo faini utalipa na mwenye mchicha ulioliwa naye atakuja mlangoni. Anza na mmoja.

Mbuzi wa Idi je? Tunamnunua siku nne tano kabla ya kuchinja, tunamfunga kwenye korido ya nyumba ya kupanga.

Siku hizo chache hakuna mtu mwenye akili atakusumbua kama umewaambia wenzio na unasafisha. Shida huwa ni siku yenyewe, damu na utumbo kwenye mtaro wa mvua. Chimba shimo, fukia. Na kamba iwe ndefu ya kutosha alale, mnyama naye ana sheria yake, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008.

Mbwa wa jirani anafunguliwa usiku, amemng'ata mwanangu mguuni, jirani anasema mbwa wake mzima hana kichaa.

Achana na jirani kwanza. Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano nzima, angalia saa, alafu hospitali siku hiyo hiyo ukaulize chanjo ya kichaa cha mbwa, maana dalili zikishaanza hakuna tiba. Nyie mnaopaka pilipili au mafuta ya taa kwenye kidonda, acheni. Mtoto akishahudumiwa ndo urudi kwa jirani na mtendaji, umwombe cheti cha chanjo ya mbwa, chanjo ni kila mwaka. Mbwa asiuawe, afungiwe aangaliwe siku kumi na mtaalamu wa mifugo awe anajua.

Salamu kutoka Leicester. Nimenunua kuku wanne nimewaweka gadeni, nawalisha ugali na wali unaobaki kama tulivyokuwa tunafanya Tanga. Rafiki yangu Mwingereza ameshtuka anasema nitafungwa. Ananitania? (Mtanga wa Leicester)

Hatanii dada, ingawa kufungwa katia chumvi. Kwa huko kuna mambo mawili mapya kwako. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 England na Wales mwenye ndege hata mmoja lazima ajisajili, zamani walikuwa wanaotakiwa ni wenye kuanzia hamsini, wakabadilisha sababu ya mafua ya ndege. Ni bure, unajaza fomu ya serikali mtandaoni, na mlipuko ukitokea wanajua wa kumwambia afungie kuku ndani.

La pili ndo hilo la ugali. Kwa sheria za kule chakula chochote kilichopita jikoni kwako hakiruhusiwi kupewa kuku, hata kama kuku ni wa nyumbani tu na mayai unakula mwenyewe. Ukali huo ulitokana na ule ugonjwa wa miguu na midomo uliowamaliza mifugo 2001. Majani ya kabichi ukiyachuma gadeni ukayapeleka moja kwa moja bandani sawa, yakiingia jikoni kwanza ukayakata kwenye ubao wako, yameshakuwa mabaki ya jikoni. Jiko la wasiokula kabisa kitu cha mnyama ndo limesamehewa, na mtu wa Tanga bila samaki sidhani.

Ila nikupe na la kukufurahisha. Kama umepanga na mwenye nyumba anakusumbua, kuna sheria ya zamani ya 1950 ya bustani za mboga, kifungu cha 12, inamruhusu anayekaa kwenye ardhi kufuga tetea au sungura wa matumizi ya nyumbani hata kama mkataba unakataza, ilimradi isiwe biashara na wasiwe kero kwa majirani. Imetaja tetea. Jogoo hayumo, kwa hiyo ukimleta huyo mkataba wako utafanya kazi kama ulivyoandikwa.